Kola Iliyokaa Upande

Tarehe 3 Machi

Baba Kasuku,

Usishtuke kuona barua. Hakuna msiba mwingine. Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Unapiga, unauliza "Mzima?", najibu "Mzima", halafu tunasikilizana tukipumua mpaka salio linaisha. Kwenye karatasi mtu akinyamaza hakuna anayejua. Mrefu, dereva mwenzako, amesema kesho anapeleka mzigo huko mnakolaza magari, basi nimempa yeye, na nimemwonya asiifungue maana namfahamu.

Lililonifanya nishike kalamu ni bango. Unalikumbuka lile bango la soda lililokuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya kibanda changu cha kushonea? Wamelishusha. Wameweka la sabuni ya kampuni yenu, na aliyeko juu yake ni Kasuku. Mwanangu, mkubwa kuliko nyumba ya ghorofa, ameshika kitabu, anacheka. Chini wameandika: KILA KIPANDE CHA SABUNI, KITABU KWA MTOTO. Nilikuwa natia pindo suruali ya mteja, nikainua macho, nikamwona. Nikayarudisha macho kwenye suruali. Nilimaliza pindo lile, Baba Kasuku. Hata halikupinda.

Nimejaribu kugeuza cherehani, lakini nikiupa mlango mgongo sioni pa kupitisha uzi. Kwa hiyo nakaa naye uso kwa uso kutwa nzima.

Na kama angekuwa yeye kweli, labda ningevumilia. Lakini lile shati si lake. La kwake nililishona mimi, kola nikaitia kitambaa kigumu ndani ili isimame, na siku ile ya kupigwa picha nililipiga pasi mwenyewe. Kwenye bango amevaa shati la dukani, kola imekaa upande, bega moja limepanda juu. Kitabu si chake, maana siku ile vitabu vilikuwa havijafika. Hata kicheko si chake. Unamjua alivyokuwa, nyumbani hafungi mdomo, kwa wageni anakuwa gogo. Walimwambia cheka, akacheka. Yule pale juu ni mtoto wa kampuni.

Wewe ni mtu wao. Nenda kwa wakubwa, waambie walishushe. Kisha urudi nyumbani. Madereva wote wanarudi, wewe tu ndiye una mzigo usioisha tangu tuanue matanga. Zile katoni za sabuni walizoleta msibani bado ziko chini ya kitanda. Naogea rambirambi. Povu lake zuri, siwezi kuwasingizia.

Mkeo


Tarehe 11 Machi

Mama Kasuku,

Barua yako imefika, na Mrefu anaapa hajaifungua, ingawa alinipa pole ya bango kabla sijaisoma. Basi ndiyo hivyo.

Pole, mke wangu. Nitaongea nao. Ila unajua wakubwa wa kampuni hawashikiki, leo wapo mkutanoni, kesho wapo safarini, na sisi wa magari tunaishia getini kwa mlinzi. Nipe muda kidogo. Wakati huo tundika pazia mlangoni, au kitambaa chochote chepesi kinachopitisha mwanga. Usimwangalie sana.

Kurudi nitarudi. Mzigo umekuwa mwingi kweli, sikudanganyi. Nikishusha huku naambiwa pakia kule. Nimebadilishiwa gari pia, hili nililonalo sasa halinisumbui. Utingo wangu ni yule yule, Redio, anaongea kuanzia ninapowasha injini mpaka ninapoizima, na hajali kama nasikia. Nafikiri ndiyo maana bado ninaye. Akinyamaza nitakuwa peke yangu humu na usukani.

Hali yangu ni ya kawaida. Sinywi, kama ndilo unaloogopa. Nakula, nalala, nabadilisha gia. Watu wa njiani wananipa pole, nami nasema asante kama mtu aliyeonyeshwa njia. Wanadhani nimejikaza. Sijajikaza, mama. Hakuna kitu cha kukaza.

Mumeo


Tarehe 20 Machi

Kwa Afisa wa Miradi ya Jamii,

Salamu. Mimi ni mama wa yule mtoto aliye kwenye bango lenu la sabuni. Ni fundi wa kushona, kibanda changu kinatazamana na bango hilo.

Mtoto yule alifariki. Mnajua, kwa sababu mlileta sabuni. Aliugua homa, ikampanda, tukampeleka, wakamtundikia maji, akaondoka. Baba yake ni dereva wenu, alikuwa safari ya mbali na gari lenu, akafika tumeshazika. Siandiki haya ili mnionee huruma. Naandika ili mjue ni mtoto gani ninayemsema, maana nimesikia mna shule nyingi.

Nawaomba mmtoe. Kwenye bango na popote pengine mlikomweka. Sitaki kitu kingine. Sikuulizwa wakati anawekwa, ndiyo maana nauliza mimi.

Barua hii naipitisha kwa mlinzi wa ghala. Naomba nijibiwe kwa barua, nisipigiwe simu.

Mama wa mtoto


Tarehe 27 Machi

Mama mpendwa,

Kwa niaba ya kampuni, napenda kukupa tena pole nyingi kwa msiba mzito uliowapata. Mtoto wako alikuwa nuru ya mpango wetu wa elimu, na daima tutamkumbuka.

Nimeanza hivyo kwa sababu ndivyo tunavyoanza barua zote hapa ofisini. Nimeisoma tena na kuona haitoshi, lakini sikujua niweke nini badala yake.

Mama, nataka nikueleze mambo yalivyo. Bango lilipangwa kabla ya msiba. Habari za msiba ziliponifikia, nilikuwa na nafasi ya kulisimamisha, na sikulisimamisha. Niliona kama tunamuenzi. Nilidhani mtafurahi kumwona. Sina mtoto bado, labda ndiyo sababu.

Kuhusu kuulizwa, nisamehe kwa kukusahihisha. Siku ya picha baba yake alikuwepo shuleni. Ndiye aliyeleta yale madawati mapya, na ndiye aliyetukubalia. Shati tulimbadilisha mimi na mwalimu, kwa sababu lile la kwake lilikuwa limefifia rangi na mpiga picha alitaka nyeupe inayong'aa. Lilikuwa shati safi, mama, halikuwa na kasoro. Ni mambo ya kamera tu.

Sasa nifike penye ugumu. Shule ile ina madarasa mawili mapya tuliyojenga, na la tatu limefika usawa wa madirisha. Fedha za kulimaliza zinatokana na sabuni inayouzwa kwa picha hii. Ukweli ni kwamba picha ya mtoto wako imeuza kuliko picha yoyote tuliyowahi kutumia. Watu wanampenda bila kumjua. Nikiitoa sasa, wakubwa wangu watasimamisha darasa mpaka mpango mwingine upangwe, nami siwezi kukuahidi ni lini. Ningeomba utuvumilie mpaka paa lipande. Tuko tayari pia darasa hilo liitwe kwa jina lake.

Hata hivyo ukisema hapana, nitamtoa. Kwenye mabango, kwenye maboksi, na kwenye magari yote. Hilo nakuahidi mimi, si kampuni.

Afisa wa Miradi ya Jamii


Tarehe 2 Aprili

Baba Kasuku,

Ulikuwepo.

Nimeandikiwa na yule Afisa wenu, maana niliona wewe na wakubwa hamtakutana mpaka kiama. Anaandika vizuri, anaonekana binti mwenye adabu. Ananiambia baba yake mtoto alikuwepo siku ya picha, na ndiye aliyekubali. Mimi nilikuwa nimekaa humu kibandani nikijiuliza ni nani aliyempa mtu mwingine ruhusa ya kumvua mwanangu shati nililomshonea. Kumbe nalala naye kitanda kimoja. Nilikuwa nalala naye, niseme hivyo.

Jioni ile alirudi na shati langu mwilini. Nilimuuliza, "Picha vipi?", akasema, "Nzuri," akakimbilia kucheza. Na wewe ulikuja baada yake ukala ukalala. Wote wawili mkaninyamazia. Kwa nini?

Anasema pia hata magari yana picha. Sikujua. Magari yanayopita hapa ni yale ambayo hayakubandikwa kitu. Wewe unayaona kila siku, hukusema neno. Unaona kila kitu wewe, na husemi.

Mwalimu mkuu alikuja. Alikaa kwenye benchi la wateja, akakunja kofia yake, akakunjua, akakunja. Akasema darasa la tatu likisimama, watoto wa darasa la chini wataendelea kusoma kwa zamu, nusu asubuhi, nusu mchana, juani. Akasema, "Sikulazimishi, mama." Mtu akikuambia hakulazimishi, ujue tayari ameshakubana. Nilimpa maji. Nilimwambia nitafikiri. Sikufikiri, nilimaliza mfuko wa koti niliokuwa nao mkononi, nikatoa karatasi.

Nimekataa. Nimemwandikia Afisa amtoe, na wasiweke jina lake popote. Wajenge darasa lao kwa picha ya mtoto aliye hai. Najua watoto wa watu watakaa juani kwa sababu yangu. Nilitarajia jambo hilo lingeniuma. Nasubiri liniume.

Njoo nyumbani uniambie kwa nini hukusema.

Mkeo


Tarehe 10 Aprili

Kwa Dereva,

Baba, habari za safari. Hii si barua ya kikazi kabisa, ingawa nimetumia karatasi ya ofisi.

Mama ameamua, nami nimetimiza. Mabango yameanza kushushwa, la mbele ya kibanda chake litashushwa wiki hii. Maboksi mapya hayana picha. Magari nayo yameingia gereji moja moja kubanduliwa. Limebaki la kwako.

Nilipomuuliza msimamizi wa magari kwa nini la kwako halijaingia, aliniambia jambo ambalo sikulijua. Kwamba ulipotoka msibani ulimfuata ukamwomba akuhamishie kwenye gari lenye picha ya mwanao. Kwamba uliacha gari jipya ukachukua hilo lenye gia ngumu. Na kwamba ukisimama mahali unamfuta yeye kwanza kwa kitambaa kabla ya kioo.

Nimekaa na habari hii tangu asubuhi. Mimi ndiye niliyemwahidi mkeo magari yote. Sikujua nilikuwa namwahidi nini.

Mkeo anajua? Kama hajui, mwambie. Gereji wanalitaka gari lako tarehe 25. Nikipata neno kabla ya hapo kwamba mmekubaliana wote wawili libaki hivyo, nitawaambia wakubwa wangu limeharibika, halifiki gereji. Nimeshakosana nao kwa mengine, hili halitaongeza kitu. Lakini lazima liwe neno la wote wawili. Siwezi kumwendea mama yule nyuma ya mgongo mara ya pili.

Afisa wa Miradi ya Jamii


Tarehe 14 Aprili

Mama Kasuku,

Ningepiga simu, lakini najua tungepumua tu. Nitaandika, na ukifika mwisho unijibu, kwa sababu safari hii jibu lako nalihitaji.

Ndiyo, nilikuwepo. Nilileta madawati. Tulipokuwa tunashusha nikasikia wanamtafuta mtoto wa kupiga picha, mwalimu akamtoa Kasuku mstarini, akasema huyu anasoma vizuri na uso wake unaonekana. Wakaniuliza, "Mzazi, sawa?" Nikasema sawa. Nilijivuna, mama, sikufichi. Nilimwambia Redio, "Umemwona yule? Wangu."

Walipomvua shati alininunia mimi kana kwamba ndimi niliyemvua. Alilikunja mwenyewe, akaja akaniwekea garini juu ya kiti, akasema, "Baba, mama asijue walinivua. Atanyong'onyea." Akanifanya nikubali. Picha ilipokwisha nikamvalisha shati lako, nikamfunga vifungo, akarudi nyumbani hivyo. Ndiyo sababu hatukusema. Alikuwa anakulinda wewe. Mimi niliahidi tu.

Sasa nikwambie kuhusu kicheko. Hakuna aliyemwamuru. Waliamuru wakachoka. Mpiga picha aliimba, akaruka, Afisa akatoa peremende, mtoto kakaza uso kama hakimu. Nikaenda nikasimama nyuma ya mpiga picha, nikamfanyia sura yetu. Wewe huijui, ni ya ndani ya gari, tulikuwa tunaifanya nikimchukua kutoka shule. Naingiza midomo yote ndani kama kizee asiye na meno, macho nayakutanisha puani, halafu masikio nayavuta kwa vidole na kusalimia watu barabarani kwa heshima. Ukiwa mzima na akili zako huwezi kuifanya mbele ya watu. Niliifanya mbele ya walimu wote na bosi mmoja. Kasuku akajikunja kwa kicheko mpaka bega likapanda. Kola ilikaa upande hapo, mama. Shati lilikuwa la watu, lakini kola aliipindisha yeye.

Kwa hiyo yule unayemwona hakuwa anawachekea wenye sabuni. Alikuwa ananiangalia mimi.

Ndiyo maana niliomba gari lenye picha. Afisa amelijua hilo, nami nataka ulisikie kwangu. Nikiegesha, naegesha ili upande wake utazame ninapokaa kula. Redio humwamkia kila asubuhi, "Shikamoo bosi," nami nimemzoea, hata simwambii aache. Namfuta vumbi. Sifikirii kitu ninapomfuta. Najua unasubiri nikwambie nalia nikiwa naye. Silii. Nimejaribu siku moja, nikasimamisha gari pembeni nikangoja, Redio akadhani nasikiliza injini.

Na kuhusu kurudi. Nikiingia mlangoni najua utanitazama, na najua unachokiona: mtu aliyefika kaburi limeshafukiwa. Ulimzika peke yako. Huku garini hakuna anayenitazama hivyo. Yeye ananicheka tu.

Afisa anasema tukikubaliana wawili, gari langu halitabanduliwa. Mengine yote yamekwenda, na ulikuwa na haki, sibishani nawe. Nauliza hili moja tu. Gereji wananisubiri tarehe 25. Ukisema libaki, litabaki. Ukisema libanduliwe, libanduliwe. Nisiposikia kitu, nitajua jibu lako.

Nampa Mrefu, anapita huko kesho.

Mumeo


Tarehe 26 Aprili

Mama Kasuku,

Sikusikia neno, nikaelewa. Si kosa. Nilikuwa nimeomba kitu kikubwa.

Nimelipeleka jana. Nilidhani wanabandua kwa kuvuta tu, kumbe wana kifaa cha kupuliza hewa ya moto, kama cha saluni. Fundi anapuliza, gundi inalainika, anaingiza kisu bapa, anavuta taratibu. Alikuwa kijana mcheshi, akawa ananisimulia habari za shemeji yake anayetaka kuoa mara ya pili. Sikumwambia huyo anayembandua ni nani. Angefanya nini? Angenipa pole, nami ningesema asante.

Alianza na maneno, akaja kwenye kitabu, akapanda. Nilishika ngazi. Aliniuliza kama nataka kuondoka na karatasi ya plastiki, wengine huezekea mabanda ya kuku. Nikasema ndiyo, nipe. Lakini ile karatasi ikitoka inajishika yenyewe kwa yenyewe, gundi kwa gundi, ikawa furushi. Nilikaa chini na Redio tukajaribu kuifungua. Ilikuwa inachanika kila tulipoigusa. Redio hakusema neno hata moja, ndipo nikajua ni kweli. Tukaliacha kwenye pipa la gereji.

Gari sasa ni jeupe. Wamelipiga sabuni. Leo asubuhi nimelizunguka kuangalia matairi, nikajikuta nimesimama upande ule nikiwa na kitambaa mkononi. Nikafuta kioo.

Usidhani nimekasirika. Nakwambia tu ilivyokuwa, kwa sababu umesema huwa sisemi.

Mumeo


Tarehe 4 Mei

Baba Kasuku,

Mrefu alikatikiwa ekseli njiani, akakaa porini na gari zaidi ya wiki mbili akingoja kipuri. Dereva aliyekwenda kumpokea mzigo alichukua na ya pili pale ghalani, akaniletea barua zako mbili kwa pamoja, leo mchana, zimefungwa na mpira. Hakujua ipi ilitangulia, nami sikutazama tarehe. Nilifungua ya juu.

Kwa hiyo nimesoma jinsi alivyobanduliwa kabla sijajua kwamba uliniuliza.

Ningesema libaki. Nataka ulijue hilo hata kama halisaidii kitu. Ningekimbia na karatasi mpaka ghalani na cherehani ikiwa wazi. Ungepiga simu, Baba Kasuku. Na mimi nilipoona kimya ningepiga. Hakuna aliyepiga. Tumemtoa sisi wawili, kwa adabu zetu.

Bango walilishusha kama Afisa alivyosema. Nilidhani nitapata pumzi. Nimebaki natazama mabomba matupu na anga nyuma yake. Bado hawajaweka kitu. Darasa la tatu limesimama, Afisa ameniandikia mistari miwili, anasema "mpaka tutakapotangaza". Mwalimu mkuu akipita anasalimia benchi, mimi hanisalimii. Watoto wanasoma kwa zamu, wale wa mchana nawasikia kutoka hapa wakihesabu kwa pamoja. Lile jambo nililokuwa nasubiri liniume limeanza. Limeanzia mbali, huku miguuni, lakini limeanza.

Picha zake nyingine ninazo. Ya kadi ya kliniki, ya siku aliyoanza shule, ile ya jirani aliyofumba macho. Zote ananiangalia mimi au haangalii mtu. Ile ndiyo pekee aliyokuwa anakuangalia wewe, na mimi nilikaa nayo uso kwa uso mwezi mzima nikimwita mtoto wa kampuni. Niliona kola. Nilikuwa na mwanga wote ule na nikaona kola tu.

Sasa kuhusu mlango. Unaogopa nitakavyokutazama. Nikwambie nilichonacho, usibaki kubuni. Sikukasirika kwamba ulichelewa. Barabara ni barabara, na homa haikumpa mtu taarifa. Nilikasirika ulipoondoka. Watu hawajamaliza kukunja mikeka, wewe umeshachukua ufunguo. Nilimzika peke yangu, sawa, hilo halikuwa na jinsi. Lakini kukaa humu peke yangu kulikuwa na jinsi.

Mlinzi wa ghala anasema kesho kutwa magari yenu yanapakia huku. Mwambie msimamizi umeugua, au mwambie ukweli, vyovyote. Njoo. Usilete kitu, hata sabuni. Usipige hodi na usianze kusema pole. Ingia usimame pale mbele ya cherehani, penye mwanga, unifanyie ile sura. Yote, na masikio, na kusalimia watu.

Siahidi kwamba nitacheka. Huenda nikakutazama tu kama gogo. Wewe usiache katikati, ifanye mpaka mwisho.

Mama Kasuku